Nondo Aliyevaa Barakoa

Harufu ya ua la yasmini kila mtu anaijua. Mimi inayonirudisha utotoni ni harufu ya majani yake, majani mabichi yaliyotafunwa na kufungiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ni harufu chungu kidogo, iliyochanganyika na joto la bati. Wiki iliyopita nilikuwa napogoa yasmini yangu hapa Nizwa, Oman, vidole vikanuka vile vile, nikakaa kitako kwenye ngazi na mkasi wangu mkononi. Mume wangu akadhani nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia aniache, niko Ibra, na nina miaka saba.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Sharqiyah mtazikumbuka nyumba za miaka ile: geti la chuma lililochorwa dele la kahawa, ua wa saruji unaounguza nyayo, na viyoyozi vya dirishani vinavyonguruma mchana kutwa na kudondosha maji nje. Majirani waliyaacha maji yale yapotee. Bibi yangu, mama yake mama, alipanda yasmini mbili chini ya kiyoyozi cha majlisi, zikanywa matone yale mpaka zikafika dirishani. Mtaa mzima ulikuwa na mitende na midimu, lakini yasmini zilikuwa kwetu tu. Kila harusi ya mtaani ilipofika wanawake walituma watoto na vikapu, na Bibi alichuma jioni, akatunga, akafunga vikuba na rihani ndani yake, akavipeleka bure. "Riziki ya kunusa haiuzwi," alikuwa akisema, na alipolisema hilo aliinua kidevu kidogo. Kidevu kile nimekirithi, na sioni haya kusema.

Bibi alizaliwa Unguja mjini akaja Oman mtu mzima, ana watoto na ana huzuni zake, na nyumba yake aliiendesha kwa Kiswahili kana kwamba Ibra ni kiambo cha Malindi, ile ya Unguja. Wazazi wangu walikuwa kazini Maskati, nami nililelewa kwake. Wa tatu nyumbani alikuwa Mama mdogo Zuwena, kitinda mimba wa Bibi, aliyezaliwa hapo hapo Ibra. Alifanya kazi katika ofisi moja Nizwa, akija nyumbani mwisho wa wiki na mkoba wake wa ngozi na manukato yake ya dukani. Mimi nilimwona ni malkia.

Mwaka ule yasmini ziliingiliwa. Asubuhi moja tuliona tawi zima limebaki kijiti, na chini yake, juu ya saruji, punje nyeusi zilizofanana na pilipili manga. Bibi akavaa miwani, akatafuta, akamkuta mwenyewe: kiwavi mnene kupita dole gumba lake, rangi ya manjano ya ndimu, ana mistari ya buluu iliyolala upande, na pembe nyuma mkiani iliyojikunja. Alipoguswa na kijiti akainua kichwa na kugonga meno, kwa hasira kabisa.

"Astaghfirullah, ananitukana huyu," Bibi akasema. "Kala yasmini yangu na matusi juu."

Alipata na wenziwe, akawatupa nje kwa kuku wa jirani. Mimi nikamlilia aniachie yule mwenye hasira. Bibi alinitazama, akamtazama kiwavi, akasema haya, lakini ale majani yanayoanguka yenyewe, si ya mtini. Kopo likawekwa kwenye kizingiti cha dirisha la majlisi, nyuma ya pazia, kwa sababu chumba kile hakiingii mtu mpaka waje wageni. Nilimtilia mchanga chini na majani juu. Usiku na mchana alitafuna, na ukitega sikio unamsikia. Halafu siku moja akaacha kula, akazunguka zunguka, akajichimbia mchangani. Nilipofukua kwa kijiko nikakuta kitu cha kahawia, kigumu, kinang'aa, mfano wa tende iliyokauka.

"Kafa?" nikauliza.

"Kafa wapi, kalala. Mfukie mwenzio apumzike."

Nikamfukia, nikamsubiri, na kwa kuwa sikuwa na subira, nikamsahau.

Wakati huo nyumba ilikuwa na shughuli nyingine. Hamad, aliyekuwa akifanya kazi ofisi moja na Mama mdogo, alikuwa amesema anataka kuleta posa. Mtu mwema, kila aliyemjua alisema. Lakini kwao ni Badiya, kwenye michanga, watu ambao ukoo wao haujawahi kuvuka bahari, na habari ziliwahi kutufikia kabla ya mwenyewe: mama yake, Umm Hamad, amesema mwanawe ataoa msichana wa kwao. Sisi hatukuwa wa kwao. Tulikuwa watu wa Zinjibar, na mlioitwa hivyo mnajua linasemwaje, midomo ikipinda kidogo. Na nyuma yake huja lile jingine, kwamba watu wa Zinjibar ni wachawi. Mama mdogo alikuwa analia chumbani mlango umefungwa, mimi nikimsikia. Kisha ikaja simu kwamba Umm Hamad mwenyewe anakuja kumwona binti, siku ya Ijumaa baada ya alasiri. Sote tulijua maana yake. Akiondoka hakuridhika, hakuna posa.

Asubuhi ya Ijumaa ile nilikwenda majlisi kuchungulia wanavyotandika, nikakumbuka kopo. Mchanga ulikuwa umepasuka. Na juu ya pazia, pazia jeupe alilolifua Mama mdogo kwa mikono yake, alitulia nondo mkubwa kuliko kiganja changu. Mabawa ya kahawia ameyakunja, tumbo la manjano lina pete nyeusi. Na mgongoni, chini kidogo ya kichwa, alikuwa na uso.

Niwaambieni nilichokiona, kwa sababu baadaye nilijifunza shuleni kwamba ulimwengu mzima huona kitu kingine pale. Niliona mwanamke aliyevaa barakoa. Nasema barakoa ile ya asili, ya nguo iliyotiwa nili inayofunika paji na pua na kuacha matundu ya macho, si hizi za maradhi tulizovaa sote juzi juzi. Wanawake wa Badiya walikuja nazo soko la Jumatano pale Ibra, soko la wanawake watupu, wakakaa chini na vitambaa vyao na uturi wao, nami nilizoea kuwatazama nikishika kanga ya Bibi. Uso wa nondo ulikuwa ule ule: macho mawili meusi, ubao wa pua katikati, na chini pamezibwa.

Na nilijua amekuja kufanya nini. Kwetu kipepeo akiingia ndani hafukuzwi, maana mgeni yuko njiani; hilo nililishika tangu najifunza kutembea. Bibi kipepeo akiingia alikuwa anaongeza kikombe cha mchele chunguni. Basi mimi kwa akili yangu nikaona huyu amepewa mpaka picha ya mgeni, kama ile inayobandikwa kwenye pasi ya safari, tusije tukampokea mtu siye. Nikaenda kumwita Mama mdogo aje aone, nina furaha hiyo.

Alipiga ukelele. "Mama! Mama njoo! Fuvu! Kuna fuvu kwenye pazia!"

Bibi akaja na mwiko mkononi.

"Lile lililochorwa kwenye sanduku la umeme pale kona, Mama, lile lile! La hatari, la mauti! Sasa Umm Hamad aje aone Wazinjibari wanafuga fuvu majlisini, si atasema yale yale? Khalas, imekwisha. Mtoeni. Muueni."

Bibi akavuta miwani, akasogea karibu sana. "Fuvu gani tena, Zuwena? Mtoto kakwambia nini?"

"Kavaa barakoa, Bibi," nikasema.

"Kavaa barakoa," akasema Bibi, sauti imebadilika. "Bibi yangu mie alikuwa akitoka Unguja kwenda maziarani havai ila barakoa, ya nyuzi za dhahabu. Akikutazama nayo unanyooka mgongo. Nimekaa miaka mingapi sijaifikiria." Halafu akamgeukia mwanawe. "Mgeni hatolewi nyumbani kwangu. Wala simuui mdudu aliyezaliwa kwenye majani yangu siku ninayopokea watu. Mchana si hulala huyu? Basi atalala. Mvutie pazia."

Mama mdogo alilivuta pazia, mkunjo ukamfunika nondo. Akaweka masharti yake mengine: leo Kiarabu tu, si neno la Kiswahili, Bibi asijifunge kanga kichwani, na vitumbua vibaki jikoni, itoke tende na halwa. Bibi alikubali yote kwa upole uliotutisha. Kiarabu chake kilikuwa cha kununulia samaki, anakijua mwenyewe, kwa hivyo akaniweka kando yake niwe mkalimani wa kumnong'oneza, mgeni asisikie. Nilisoma kwa Kiarabu, nilicheza kwa Kiarabu, na nyumbani nililala kwa Kiswahili. Hakuna aliyekuwa bora kwa kazi ile, na nililijua hilo.

Umm Hamad alishushwa getini na mwanawe, akaingia peke yake. Mrefu, mwembamba, amebeba chupa ya asali kifuani, na barakoa yake imenyooka usoni na kumetameta kwa nili. Nusura nipige makofi. Picha na mgeni vilikuwa kitu kimoja! Nilimvuta Bibi mkono, naye akaniminya nitulie.

Salamu zikaenda, nikazitafsiri. Habari ya mvua, habari ya ngamia, habari ya mitende. Bibi akafungua asali papo hapo kumheshimu mleta, akaimimina bakulini. Mama mdogo akaleta kahawa, macho chini, akammiminia. Umm Hamad akapokea kikombe, akakiweka mbele yake juu ya zulia, asikiguse.

"Kwenu wapi, binti?" akamuuliza Mama mdogo.

"Hapa hapa, mama. Nimezaliwa Ibra."

"Asili nauliza."

Mama mdogo akaanza kutaja kabila letu, akaishia katikati. Kahawa ilikuwa pale pale. Nilimwona Bibi anakitazama kikombe kile, na kidevu chake kinapanda kidogo kidogo. Mnajua kwetu, mgeni usipogusa ulichotengewa umewaambia wenyeji nyumba yao hailiki. Muda ukapita hivyo, tukiulizana habari zilizokwisha kuulizwa, mpaka mwanga wa dirishani ukaanza kulegea.

Hapo pazia likaanza kuvuma. Nondo hawa kabla ya kuruka hutetemesha mabawa mpaka mwili upate moto, na sauti yake ni ya injini ndogo. Nondo akachomoka, akazunguka taa, akapita juu ya vichwa vyetu, akatua kwenye ukingo wa bakuli la asali na kutumbukiza mrija wake. Mgongo, na uso wake, ukamwelekea Umm Hamad sawasawa.

Mama mdogo akarusha shela kumfunika. Nondo akalia. Kweli alilia, kwa sauti nyembamba kama ya panya aliyebanwa.

"Muache!" akasema Umm Hamad. Akaondoa shela, akamchukua nondo kiganjani bila woga, akamwinua kwenye mwanga. Akamtazama mgongoni kwa muda mrefu.

Mimi nilikuwa nimevumilia tangu asubuhi. Nikasema kwa Kiarabu fasaha, kila mtu akasikia: "Anafanana nawe! Kaja kutwambia unakuja. Kavaa kama wewe."

Mama mdogo akafunika uso kwa mikono miwili.

"Huyu ni mwizi," akasema Umm Hamad polepole. "Ndugu zangu wana mizinga ya magogo ya mitende, chini ya miti ya sumri. Huyu huingia humo jioni, analia hivi alivyolia, anashiba asali anatoka, na nyuki hawamgusi. Sisi tukimkuta tunamuua. Kaingiaje humu kwenu?"

"Hakuingia," nikasema. "Kazaliwa hapa. Kwenye kopo, pale dirishani."

"Anasema nini?" Bibi akauliza. Nikamweleza yote, mwizi na mizinga. Bibi akajiweka sawa, na masharti ya mwanawe akayaweka kando, akaanza kusema Kiswahili chake kirefu kilichopigwa pasi.

"Mwambie hivi, mjukuu wangu, na usipunguze. Kwetu huyu ni mgeni, na mgeni hatumtazami uso. Hata akiwa mwizi, atakula kwanza. Mwambie mimi nilifika nchi hii na watoto wanne na shanta moja, na waliotufungulia mlango hawakuuliza asili yetu kwanza. Mwambie binti yangu nimemlea vizuri, sina ninachokionea haya kwake, wala kwangu. Na mwambie asali yake ni nzuri sana, lakini kahawa yangu imepoa mbele yake. Kama nyumba yangu haimpendezi, njia ni nyeupe, na nitamsindikiza mpaka getini kwa heshima zote."

Mama mdogo alikuwa ananitikisia kichwa: usiseme, usiseme hilo la mwisho. Nilimwona. Lakini Bibi alikuwa ameweka mkono wake begani kwangu, mzito, wa joto, na nikahisi kwamba neno nitakaloliacha nitakuwa nimemvua nguo. Nikasema yote. Nikasimama kabisa nikayasema, pamoja na shanta na geti.

Umm Hamad akamrudisha nondo taratibu kwenye ukingo wa bakuli, akapeleka mikono nyuma ya kichwa, akafungua kamba za barakoa, akaivua.

Sijui kama mnaelewa uzito wa jambo hilo. Wapo wanawake wa kwao ambao hata mashoga zao wa soko la Jumatano hawajaziona sura zao. Alikuwa na uso wa mama mtu mzima, mzuri, umechoka, na nili ya barakoa imemwachia rangi ya buluu kwenye pua na mashavu. Akanitazama mimi.

"Sasa nani anafanana naye?"

"Bado wewe kidogo," nikasema, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akasema, na alinitazama mimi lakini alikuwa anazungumza na Bibi: "Mwambie bibi yako hajanielewa. Kwetu sisi mwenye haja hanywi kahawa ya watu mpaka haja yake ijibiwe. Nimekiweka kikombe chini tangu nilipokaa, nangoja aniulize nina haja gani, naye haulizi. Nikasema moyoni, hawa hawanitaki."

Nilipomtafsiria, Bibi alikitazama kikombe upya, kidevu kikashuka.

"Ni kweli nilitaka msichana wa kwetu," Umm Hamad akaendelea. "Nimekuja leo kwa sababu mwanangu kanililia. Ile ilikuwa haja yake. Sasa, kwa niliyoyasikia hapa, ni haja yangu pia. Namtaka Zuwena."

Nondo alikuwa bado anakunywa. Nje muadhini alikuwa hajaanza. Bibi akamgeukia mwanawe, naye Mama mdogo, aliyetukataza Kiswahili siku nzima, akasema kwa Kiswahili, machozi yanamtiririka, "Mimi nataka, Mama. Lakini wewe ndiye mwenye kusema."

Mahari na mambo ya wanaume vilifuata baadaye, kwa utaratibu wake. Shuleni nilikuja kusoma kwamba Wazungu wamempa mdudu yule jina la mauti, na wamemwogopa karne na karne, na nilisoma ukurasa ule kwa kiburi ambacho sijakitubia mpaka leo. Binti zake Mama mdogo sasa wanazungumza Kiarabu cha Badiya na Kiswahili cha Unguja, na wakija kwangu nawakumbusha kwamba posa ya mama yao ilijibiwa kwa mdomo wangu.

Bibi aliimwaga ile kahawa iliyopoa, akamimina nyingine ya moto, akaisogeza mwenyewe kwa mikono miwili. Akamtazama nondo, akamtazama Umm Hamad mwenye uso wa buluu.

"Mwambie, mwenziwe huyu keshakunywa," akaniambia. "Na yeye anywe."

Nikamwambia. Umm Hamad akakinyanyua kikombe, akanywa mpaka chini, akanyoosha mkono apewe cha pili.